Wamekuja Kuangalia Paa

Zamani futi ya kupimia ya Mama Mapazia ilikuwa ikiwachekesha watu. Aliivuta mbele ya watoto wa mtaa, chuma kile cha manjano kikatoka kwenye kijumba chake kama ulimi, kisha akakiachia kikarudi ndani kwa mkwaruzo na kumalizia kwa kishindo kidogo, tak, na watoto wakaruka. Siku hizi akiitoa, watu wazima wanaingia ndani na kurudishia mlango. Hawamtukani. Wanamsalimia kwa adabu zote wakikutana naye dukani, ila macho yao yanashuka kwanza kwenye mkoba wake, kuona kama leo ameibeba.

Kazi yake ni kushona mapazia, na aliifanya kwa heshima tangu alipoolewa. Mji wenyewe ni mdogo. Ukipiga chafya sokoni, aliye stendi anakuombea afya. Kwa miaka mingi nyumba zilizidi wapangaji, na mwenye nyumba ndiye aliyemwahi mpangaji kwa salamu. Kisha kikafunguliwa chuo, kikafuatiwa na hospitali ya ghorofa, na nyuma ya hospitali zikaja ofisi ambazo kazi yake hakuna aliyeielewa, isipokuwa kwamba wafanyakazi wake walikuwa na mishahara ya kutoka mbali. Kodi zikaanza kupanda, na kila zikipanda watu walisema sasa zimefika mwisho. Wauguzi wa hospitali ile ile wakawa wanalala nje ya mji na kuamka kabla ya jogoo ili wawahi zamu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja kweli, na mwenyeji akaugua.

Katikati ya mambo hayo alisimama dalali mmoja aliyeitwa Funguo, kwa sababu ya shada la funguo lililokuwa likining'inia kiunoni mwake na kumtangulia kwa mlio kila alikokwenda. Funguo hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mpole, mwenye kuuliza hali ya wagonjwa kwa majina yao, na hiyo ndiyo iliyofanya watu wamwogope. Yeye ndiye aliyempa Mama Mapazia kazi nyingi kuliko alizowahi kupata maishani. Wapangaji wapya hawakutaka kuingia kwenye nyumba yenye madirisha matupu, kwa hiyo Funguo alimchukua Mama Mapazia mapema, akapime madirisha na kuanza kushona, siku ya kuhamia kila kitu kiwe tayari.

Mapema, maana yake wapangaji wa zamani wakiwa bado wamo ndani.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa fundi saa, jirani wa Mama Mapazia, nyumba ya tatu. Fundi saa aliwakaribisha chai. Funguo akasema wametumwa na mwenye nyumba kuja kuangalia paa, msimu wa mvua unakaribia. Mama Mapazia akapanda kwenye kigoda na kunyoosha futi dirishani, na yule mzee, ambaye maisha yake yote ameyamaliza akichungulia vitu vidogo, akauliza kwa upole paa na dirisha vina undugu gani. Funguo akacheka sana. Mama Mapazia naye akacheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha, na pia kwa kuwa hakujua afanye nini na uso wake. Kabla ya mwezi kuisha, vitu vya fundi saa vilikuwa juu ya mkokoteni, saa za ukutani zimefungwa kwenye shuka na bado zinagonga humo ndani. Mkewe alipita mbele ya kibanda cha kushonea cha Mama Mapazia bila kugeuza shingo.

Siku ile Mama Mapazia alikosa usingizi. Lakini mtu akitaka kujitetea, maneno hayamwishii. Alijiambia kuwa sindano haimtoi mtu ndani ya nyumba. Asipopima yeye atapima mwingine, na huyo mwingine hatajua kukunja pindo. Akaenda kupima kwa muuza maziwa, akaenda kwa wale mapacha wa karakana ya pikipiki, na kila mara Funguo alisema yale yale ya paa, mpaka neno lenyewe likageuka balaa mtaani. Mtu akiona vumbi limeshuka toka darini, anauliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyekuja kuliangalia.

Na yeye mwenyewe alikuwa mpangaji.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na ilikuwa na dirisha moja ambalo halikufanana na jingine lolote mjini. Inasemekana ilijengwa na mafundi wawili waliogombana katikati ya kazi. Mmoja akaja na tofali zake toka kulia, mwingine toka kushoto, hawasemezani, hakuna aliyekubali kuazima pima maji ya mwenzake ya kusawazishia tofali, na walipokutana dirishani kizingiti cha chini kikawa kimelala kama mtu aliyeegemea kiwiko. Upande wa kushoto wa dirisha ulikuwa mrefu kuliko wa kulia kwa kiganja kizima. Pazia la kawaida likitundikwa pale, upande mmoja linafagia ukuta na upande mwingine linaacha mwanya wa kuchungulia paka. Mama Mapazia alilishonea pazia lenye pindo la mshazari, linalopanda polepole toka kushoto kwenda kulia, na ukilitazama hujui kama dirisha ndilo lililopinda au ni macho yako.

Chini ya dirisha lile aliketi mama mkwe wake.

Mama mkwe alipofuka miaka mingi nyuma, taratibu, jicho moja kisha la pili, na wakati huo wote alikuwa akiishi humo humo. Kwa hiyo nyumba ile aliijua kwa kiganja. Alitembea ameshika ukuta, toka kitandani hadi sebuleni, toka sebuleni hadi jikoni, na ukutani palikuwa na mstari wa kung'aa, usawa wa kiuno, mahali mkono wake ulipopita kila siku. Alijua saa kwa jua lililompiga shingoni kupitia dirisha. Alichagua mchele, alikunja nguo, alichemsha maji yake mwenyewe ya kuoga. Ungemwona humo ndani usingejua kuwa haoni. Ila ukimtoa nje ya mlango, alikuwa kama mtoto aliyeshushwa katikati ya barabara. Mtoto wake, yaani mume wa Mama Mapazia, ni dereva wa malori ya safari ndefu na huonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo wanawake hawa wawili ndio waliokuwa nyumba. Mama Mapazia aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kumhamisha mama yule. Aliona itakuwa ni kumpofusha mara ya pili.

Mwenye nyumba wa zamani alikuwa mtu wa maneno mafupi, na aliwahi kumwambia kuwa maadamu yuko hai hatapandisha kodi ya mwanamke anayetunza kipofu. Ahadi ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na mwisho ndani yake, na mwisho ukafika. Mzee alikufa, wanawe wakagawana, na nyumba ikaangukia kwa kijana wa mwisho anayeishi mji mwingine, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kilichoonekana ni Funguo, akipita kukusanya kodi kwa niaba yake.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mama Mapazia alitia maji, ila aliyatia kwenye kichwa kisicho chake. Aliamini, kama wapangaji wengi wa mji ule walivyoamini, kwamba anayetunza nyumba hafukuzwi. Ni nani atamtoa mtu anayeongeza thamani? Basi faida yote aliyoipata kwa mapazia ya Funguo akaizika humo. Aling'oa sakafu ya saruji iliyopasuka akaweka vigae, akabadilisha milango iliyoliwa na mchwa, akapaka kuta rangi ya maziwa, akiuruka ule mstari wa kiganja cha mama mkwe kwa kuwa mama alilalamika kuwa rangi inateleza. Funguo akija kuchukua kodi alikuwa akisimama mlangoni na kusifu. Aligonga vigae kwa kisigino. Siku moja Mama Mapazia akapiga moyo konde na kumuuliza waziwazi kama yeye naye ataangaliwa paa.

"Wewe ni mtu wetu, mama," Funguo akamjibu. "Nani akuguse wewe?"

Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Mama Mapazia, kwa vile alitaka sana kupakwa, akahisi yamemfika mwilini.

Ilikuwa muda mfupi baada ya hapo ndipo mama mkwe alipoanza vituko. Siku moja Mama Mapazia alirudi toka kibandani akamkuta katikati ya sebule, mbali na ukuta, mikono ameitanguliza mbele kama anayetafuta kitu gizani. Akadhani amepotea. Akamshika na kumrudisha ukutani. Kesho yake akamkuta hivyo hivyo, na safari hii alikuwa amejigonga kwenye meza na mguu unavuja damu. Akamwuliza kulikoni. Mama akasema anajinyoosha viungo. Akamgombeza kidogo, kwa heshima anayostahili mkwe, kwamba viungo hunyooshwa kwa kufuata ukuta. Lakini mama hakuacha. Alama za kujigonga zikaongezeka miguuni, na Mama Mapazia akaanza kuwaza kuwa sasa akili nayo inafuata macho. Hakukumbuka aliloambiwa siku moja kabla vituko havijaanza, kwamba alipokuwa sokoni alikuja mgeni na Funguo, mwanamke mwenye mikono laini, akaleta pakiti ya biskuti. Siku hiyo Mama Mapazia aliuliza walikuja kufanya nini.

"Kuangalia paa," mama mkwe akasema, na akaendelea kuchagua mchele wake.

Mama Mapazia aliinuka. Akatoka nje akatazama juu. Bati moja kweli lilikuwa limeinuka pembeni. Akajishikiza kwenye lile bati kama anayezama anavyoshika unyasi, akasema moyoni kuwa kumbe wakati mwingine huja kuangalia paa kweli, akaingia ndani na kula biskuti moja.

Yule mwanamke mwenye mikono laini alifika kibandani wiki iliyofuata. Alikuwa kijana, mjamzito wa miezi ya mwisho, na alikaa kwenye kiti kwa kujishikilia pande zote mbili. Alikuwa mtu wa kupendeka, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alieleza kuwa mumewe amehamishiwa ofisi za hapa, kwamba walikotoka nyumba zimepanda hadi wakashindwa, na kwamba hata hapa wamezunguka wakachoka, ila sasa dalali amewapatia nyumba ndogo yenye vigae, kodi yake inakata maini lakini ni safi, na wataingia mwisho wa mwezi. Kuna bibi mmoja kipofu, akasema, anayerudishwa shamba kwa watoto wake. Akachagua kitambaa cha buluu chenye vimaua vyeupe, kwa ajili ya mtoto. Kisha akafungua simu yake akasoma vipimo, na aliposoma cha mwisho akasita na kuona haya.

"Samahani dada, hapa nadhani nilikosea. Upande mmoja umetoka mrefu kuliko mwingine, na nilipima mara mbili."

Mama Mapazia alikuwa ameshika chaki. Alitazama mbele, akaona mtu anapita na baiskeli, akaona kuku wa jirani, akaona kila kitu kikiwa mahali pake.

"Hujakosea," akasema. "Hilo dirisha ndivyo lilivyo."

Yule binti akafurahi. Akauliza kama anaijua nyumba. Mama Mapazia akasema anaijua. Akapokea malipo ya awali, akaandika stakabadhi, na akamsaidia kuinuka kitini kwa kuwa mjamzito ni mjamzito.

Alimkuta Funguo kwenye kivuli cha ofisi yake, anakunywa soda. Hakukana. Alisema alikuwa anasubiri siku nzuri ya kumwambia. Mama Mapazia akamkumbusha neno lake, kwamba nani amguse. Funguo akashusha pumzi kama mtu anayeonewa, akasema yeye hakumgusa, nyumba yenyewe ndiyo iliyojiongelea. Mwenye nyumba alitumiwa picha, akaona vigae, akaona milango, akauliza kwa nini anapokea kodi ya kibanda kwa nyumba kama ile. Kama Mama Mapazia anaiweza bei mpya, akae, hata leo. Alipoitaja bei, Mama Mapazia alicheka kile kicheko alichocheka kwa fundi saa. Basi Funguo akampa njia nyingine, kwa huruma zake, kwamba kule ng'ambo ya machimbo ya kokoto kuna nyumba aliyomwekea, maji huja kwa gari na barabara ni ya mawe, lakini kodi yake ni ya mwanadamu. Aliongeza kuwa akitaka aweke vigae huko pia.

Mama Mapazia alimpigia mumewe simu, na mumewe, toka mbali kwenye mngurumo wa lori, akamwambia asianze kulia kabla hajaona. Ushauri wa dereva ni huo siku zote. Mama Mapazia hakumwambia mama mkwe kitu. Kila alipotaka kufungua mdomo alimwona akipita na kiganja chake juu ya ule mstari, akaufunga.

Alilishona pazia nyumbani, mchana, kwa sababu kibandani angeulizwa maswali. Alilishona vizuri. Angeweza kulikosea, na nakwambia wazo lilimjia, aukate mshazari kinyume ili mwanya uwe mara mbili. Lakini mkono uliozoea kazi haujui kulipiza kisasi. Alikuwa amefika kwenye pindo wakati mama mkwe alipokuja kuketi kando yake, akavuta kile kitambaa mapajani mwake na kukipitisha kati ya vidole, polepole, toka ncha hii hadi ile. Vidole vikapanda na pindo. Vikasimama.

"Hili ni la dirisha letu," akasema.

Mama Mapazia akaondoa mguu kwenye mashine. "Ndiyo, mama."

"Ni la yule mwenye mikono laini, anayehema kama mwenye mimba."

Mama mkwe akaanza kumweleza bila haraka, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Kwamba siku ile Funguo alipomleta mgeni, yeye alikuwa amekaa pale pale, na juu ya kichwa chake alisikia chuma kikivutwa na kurudi, tak. Ni nani katika nyumba hii asiyejua mlio wa futi? Aliposikia mara ya pili akajua ni dirisha gani wanalipima. Hakusema zaidi, kwa kuwa alimsikia mkwewe anakula biskuti kwa furaha na hakutaka kumkatisha. Ila kuanzia kesho yake alianza mazoezi.

"Mazoezi gani, mama?"

"Ya kutembea bila ukuta, mwanangu. Huko tuendako sijui kuta zake. Nilitaka nisikulemee."

Mama Mapazia alilia. Alilia kwa sauti, kichwa kwenye kitambaa cha watu, na machozi yakaacha madoa ambayo ilibidi ayafue baadaye. Mama mkwe alimwacha alie mpaka amalize. Kisha akauliza swali moja, na lilikuwa la mtu aliyekwisha kufungasha moyoni. Aliuliza kama mlango wa huko una kizingiti cha chini, na ni kirefu kiasi gani, maana kuta na meza atazizoea, ila kizingiti ndicho kinachoua vipofu. Mama Mapazia akakiri kwamba hajafika. Basi kaangalie, akaambiwa.

Akaenda kesho yake na Funguo. Walipita machimbo, wanawake wanaponda kokoto na vumbi limewakaa kwenye kope, wakapanda njia ya mawe na shada la funguo likilia mbele yake. Njia nzima aliwaza kizingiti tu. Alibeba futi mkobani ili ampelekee mama kipimo kamili, ampe kwa mkono, umbali kati ya kidole gumba na cha kati.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, mlango uko wazi. Kamba ilikuwa na nguo za watoto zimeanikwa, bado zinachuruzika. Mama Mapazia akasimama. Alimgeukia Funguo, na Funguo akatazama pembeni, akasema kwa sauti ya chini kuwa hao wanaondoka, wamechelewa kodi, bado tu hawajaambiwa.

Mwanamke akatoka ndani anafuta mikono kwenye kanga, mtoto amemshika pindo. Alimsalimia Funguo, akamsalimia Mama Mapazia kwa tabasamu, akaleta kigoda akakipangusa vumbi kwa kiganja. Uso wake ulikuwa wa mtu asiye na habari. Karibu dada, akasema, na akauliza kama na yeye wamemtuma kwa mambo ya nyumba.

Funguo akajishughulisha na shada lake la funguo. Alimwachia Mama Mapazia ajibu.

Mama Mapazia alikumbuka mikono iliyotangulia mbele katikati ya sebule, na alama za kujigonga miguuni. Akaingiza mkono mkobani, akaikamata futi asiitoe.

"Tumekuja kuangalia paa," akasema, na macho yake yakashuka polepole, yakatua kwenye kizingiti.